Karakana au makumbusho: uanzie wapi kuielewa sanaa ukiwa Arusha au Moshi

Likizo inapokaribia, wazazi wa shule ninayofundisha hapa Moshi huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, nataka mtoto aielewe sanaa. Nimpeleke makumbusho Arusha, au nimtafutie fundi amshikishe brashi?" Siku hizi watu wazima nao wanauliza kwa ajili yao wenyewe. Mmoja ni mhasibu, ana nafasi Jumamosi tu, na anachotaka ni kusimama mbele ya picha akawa na la kusema zaidi ya "imependeza".

Nalichukulia swali hilo kwa uzito kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa. Tangu nikiwa chuo cha ualimu nimekuwa nikiingia kwenye majumba ya makumbusho, nasoma maandishi yaliyobandikwa chini ya kila kitu, natoka. Brashi nilikuja kuishika nikiwa na miaka arobaini na miwili. Kwa hiyo msomaji ajue mapema nimeegemea wapi: naamini watu wengi waanze na mikono. Ila wapo ambao ningewaambia waanze na macho, nao nitawafikia.

Makumbusho tuliyo nayo

Makumbusho mawili ya serikali yaliyopo Arusha mjini hayakuwekwa kwa ajili ya sanaa, na ni vizuri kulijua hilo kabla hujapanda basi. Lile Boma la Wajerumani lililomalizika mwaka 1900 likiwa ngome, tangu 1987 ni Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia. Humo utakutana na asili ya binadamu, wadudu na wanyama. La pili ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni, katika ukumbi ambao Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 kabla ya Azimio kutangazwa tarehe 5 Februari. Lilifunguliwa mwaka 1977, na Mnara wa Mwenge uko hapo karibu.

Hata hivyo, kwa mtu anayejifunza kutazama, naipenda Kaloleni kuliko watu wanavyodhani. Zile picha za zamani hazina rangi, kwa hiyo jicho halipati pa kukimbilia. Simama mbele ya moja ujiulize: mpiga picha alisimama wapi? Nani yuko katikati, nani amekatwa bega? Mwanga unatoka upande gani? Ukifanya hivyo kwa picha nne tu, umeshaanza somo la mpangilio wa picha bila kununua hata penseli.

Sanaa yenyewe kwa wingi iko nje kidogo ya mji, barabara ya Dodoma, pale Cultural Heritage, mahali palipoanza mwaka 1994. Jumba lake la maonyesho limejengwa kwa umbo la ngoma, ngao na mkuki, na ndani kuna njia ya mteremko inayokuzungusha ukipita kati ya michoro, vinyago na barakoa kutoka pande nyingi za Afrika. Ni mahali pa fahari. Lakini ni pakubwa, na penye duka pia, na vitu ni vingi mno kwa mtu mgeni wa mambo haya. Mara ya kwanza nilizunguka humo asubuhi nzima. Jioni mume wangu aliponiuliza nimeona nini, nilimweleza ukubwa wa jengo. Kinyago kimoja sikuweza kukielezea.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa kuanza na macho. Vitu vipo mbele yako, mwanga mzuri, maelezo yameandikwa, lakini jicho halina pa kushika, kwa sababu hujui kipi kilikuwa kigumu na kipi kilikuwa chepesi kwa yule aliyekitengeneza.

Jumamosi nne na chui mmoja

Fundi aliyenifundisha uchoraji wa mtindo wa tingatinga ni kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Alikuwa ananiamkia shikamoo, kisha ananikosoa bila huruma, na nadhani ndivyo inavyotakiwa.

Mtindo huu una jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, na mwaka 1968, Dar es Salaam, alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za makopo zinazong'aa, aina inayopakwa kwenye baiskeli. Picha aliziuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine, akafa. Miaka minne tu ya kazi, na leo ukitembea mtaa wowote wa watalii Arusha unapita mbele ya wajukuu wa mkono wake.

Niliyajua hayo yote kabla ya kushika brashi. Niliyasoma. Hayakunisaidia kitu Jumamosi ya kwanza, kwa sababu siku hiyo sikuruhusiwa kuchora mnyama yeyote. Kazi ilikuwa rangi ya nyuma peke yake: njano chini, ikipanda taratibu hadi kuwa ya machungwa juu, pasiwe na mstari unaoonyesha zilipokutania. Rangi ya mafuta haikusubiri. Ikishaanza kushika, ukirudisha brashi inachubua na kuacha kovu. Nilichubua mara tatu.

"Mwalimu, ukishapita usirudi," aliniambia. "Ukirudi, kila mtu ataona uliogopa."

Jumamosi ya pili tulitia mwili wa chui, rangi moja tupu. Ya tatu ikawa ya madoa, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Niliyapanga madoa yangu vizuri kabisa, yenye ukubwa sawa na nafasi sawa, kama mtu anayesahihisha daftari. Nilipomaliza, chui wangu alikuwa kitenge kilichoanikwa kwenye kamba. Fundi hakucheka. Alichukua ubao mwingine, akachora madoa makubwa ubavuni, yakapungua yakielekea tumboni, yakawa nukta tu kwenye miguu na usoni. Chui akajaa. Akapata mgongo na tumbo, ilhali hakuna kivuli hata kimoja kilichochorwa. "Madoa yafuate mwili," alisema, akaenda kumhudumia mteja.

Jumamosi ya nne ilikuwa ya macho na masharubu, brashi nyembamba, pumzi imezuiwa.

Wiki mbili baadaye nilirudi barabara ya Dodoma. Jengo lilikuwa lilelile. Nilisimama mbele ya chui wa mtu nisiyemjua kwa karibu dakika ishirini, mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama nahitaji msaada. Nilikuwa naona mahali alipopita mara moja bila kurudi, na mahali pamoja, chini ya shingo, aliporudi. Niliona alivyoyaacha madoa yafifie kuelekea tumboni. Niliona pia kitu ambacho sikufundishwa: sehemu kubwa ya ubao aliiacha wazi, rangi ya nyuma peke yake, na chui akaonekana mpweke kwa sababu hiyo. Sijawahi kuona upweke kwenye picha kabla ya siku ile.

Faida ya pili ilinijia madukani. Zile picha za Wamasai warefu wembamba wakitembea machweo, zilizoning'inizwa duka hadi duka, zamani niliziona zote sawa. Sasa naweza kutofautisha aliyemtazama mtu akitembea na aliyetazama picha ya mwenzake. Kwa huyu wa pili, shuka haifuati mwili. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alipigana na uigaji kwa nguvu zake zote, na sikuwahi kuelewa hasira ile ilitoka wapi mpaka nilipojua jinsi doa moja linavyoweza kuwa la kweli au la kunakili.

Karakana nayo ina upofu wake

Nisipolisema hili nitakuwa nimewapotosha. Baada ya zile Jumamosi nne nilikuwa hakimu mbaya. Kila picha ambayo rangi yake haikung'aa na kulala vizuri niliiona ya mtu asiyejua kazi. Nilikuwa nimejifunza lugha moja, nikadhani ndiyo lugha yote.

Aliyeniponya ni mchoraji Sam Ntiro. Alizaliwa mwaka 1923 hapa Kilimanjaro, akasoma sanaa Makerere kisha chuo cha sanaa cha Slade jijini London, na baada ya Uhuru akatumwa Uingereza kuwa balozi wetu. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, na mwaka 1960 picha hiyo ikanunuliwa na Museum of Modern Art, New York. Mimi nimeiona kwa picha tu, kwenye skrini. Watu wa Ntiro ni wadogo, wamerahisishwa, hawana sura unazoweza kuzitambua, na kwa jicho langu la karakana nilisema huyu hajui kumaliza. Nikairudia siku nyingine, na nyingine. Mimi ni mke wa Kichaga, nimeona mbege ikibebwa kwenda ukweni, na polepole nikatambua kwamba usiku wa mlimani ndivyo ulivyo: huoni sura, unaona mwendo, unaona watu ni wadogo na mlima ni mkubwa. Angewachora kwa uso na vifungo vya shati, usiku ungekufa.

Somo hilo nisingelipata kwa mafuta na brashi, hata ningekaa karakanani miaka mitatu. Mikono inakufundisha ugumu wa njia moja. Kutazama kazi za wengi kunakuonyesha kwamba njia zilikuwa nyingi na kila mtu alichagua.

Wenyewe waliotutangulia hawakuzitenga njia hizi mbili. Margaret Trowell, aliyemfundisha Ntiro na Njau kuchora pale Makerere, ndiye pia aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda miaka ya 1940. Na Tingatinga, ambaye hakupita chuo chochote cha sanaa, inasimuliwa kwamba aliona kwanza michoro ya Wakongo ikiuzwa Dar es Salaam, ndipo akaenda kutafuta hadibodi yake.

Kama si tingatinga

Batiki nawashauri wanaosema "mimi sijui kuchora". Hapa kinachotakiwa ni kufikiri kinyume: unafunika kwa nta kile unachotaka kibaki, unachovya rangi nyepesi, unafunika tena, unachovya iliyokolea, na mwisho nta inatolewa kwa maji ya moto au kwa pasi juu ya magazeti. Huwezi kurekebisha. Mtu aliyefanya kitambaa kimoja tu hawezi tena kupita mbele ya batiki bila kuhesabu ilichovywa mara ngapi. Ila nta inaunguza, na rangi nyingine huchanganywa na kostiki, kwa hiyo watoto wasiachwe peke yao.

Mpingo usianze nao. Ni mgumu, patasi inateleza, na mti wenyewe huchukua miongo mingi kukua, si wa kuharibiwa na mwanagenzi. Bali nenda ukakae na wachongaji nusu siku, uwatazame na tezo na patasi na msasa, kisha omba kukishika kinyago. Makumbusho hayatakuruhusu. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mara nyingi huachwa ule utepe wa rangi ya maziwa wa sehemu ya nje ya mti. Kipande chepesi kilichopakwa kiwi ya viatu utakijua kwa mkono kabla ya jicho. Ukirudi kutazama nguzo ya ujamaa ya Kimakonde, watu waliobebana kutoka chini hadi juu wakiwa wametolewa kwenye gogo moja, utashtuka zaidi: kila nafasi kati ya mkono na kichwa ni kuni iliyotolewa na hairudishiki.

Shanga za Kimasai ni alasiri moja na akina mama wanaozitengeneza. Utaambiwa nyekundu ni damu na ushujaa, buluu ni mbingu na mvua, nyeupe ni maziwa. Vidole vitauma.

Pesa na muda

Makumbusho ni nusu siku na kiingilio ambacho kwa mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni. Kutoka Moshi ongeza nauli ya kilomita kama 80 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Karakana hula zaidi, kwa sababu siku moja haitoshi. Rangi ya mafuta ina saa zake za kukauka na haijui ratiba yako.

Kabla ya kuanza, kubalianeni nani ananunua rangi na ubao, picha ikiisha ni ya nani, na hasa fundi asiiguse. Binti yangu alisoma wiki moja sehemu nisiyoitaja, akarudi nyumbani na twiga mzuri kupita kiasi. Mwalimu alikuwa amemmalizia ili wazazi wafurahi. Mtoto alijua si wake, hakutaka ukutani. Afadhali twiga mwenye shingo iliyopinda ambaye ni wa kwake.

Nani aanzie wapi

Mhasibu wangu nilimpeleka karakana. Mtu mzima anayefanya kazi ya akili wiki nzima, aliyezoea kuelewa mambo kwa kuyasoma, ndiye anayenufaika zaidi na mikono, kwa sababu hapo maneno hayamwokoi. Jumamosi nne, kisha barabara ya Dodoma akiwa na swali moja tu mkononi. Achague kazi tano, azitazame asubuhi nzima, nyingine azipite.

Anayetaka kununua sanaa, awe wa kwenda karakana pia, hata kwa kutazama tu. Atajifunza kipi kilichukua wiki na kipi kilichukua saa moja.

Anayependa historia, au mtu ambaye akikosea mbele ya watu hushindwa kurudi kesho, aanze na macho. Kaloleni kwanza, picha nne, bila haraka. Na kama ana usafiri na siku mbili, aende Kolo, upande wa Kondoa, kupitia Babati. Michoro ya miambani ya huko iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu warefu, wanyama, mistari ya rangi nyekundu iliyotokana na udongo na mawe yenye chuma, juu ya mwamba uliokuwa ndio ubao. Sijaona mahali panapomfanya mtu anyamaze haraka kama pale. Na atakayerudi kutoka Kolo, mara nyingi mwenyewe huomba penseli.

Watoto wadogo siwatenganishii. Nenda nao makumbusho na karatasi, wakae chini mbele ya kitu kimoja walichokichagua wao, wakichore. Mtoto aliyechora kipepeo mmoja pale Boma ametazama kuliko aliyepita kabati zote. Tafadhali usimwambie anyooshe mistari.

Na kwa sisi wa Moshi ambao Arusha ni safari, mlima wenyewe unatupa mahali ambapo uchaguzi huu unakuwa mwepesi. Ukipanda Marangu kuna makumbusho ya maisha ya Wachaga, nyumba ya nyasi na zana za zamani, na hapo jirani, Mamba, wapo wahunzi ambao bado wanafua chuma. Niliwapeleka wanangu tukaanza kwa wahunzi. Mzee mmoja alimwita mwanangu mdogo wa miaka tisa, "Njoo mjukuu, vuta hii," akamkalisha kwenye mivukuto. Alivuta mpaka mikono ikatetemeka, akiona chuma kikiwa chekundu, kikigongwa, kikipoa, kikirudishwa motoni, tena na tena, kwa kipande ambacho hakikuzidi kiganja. Mchana tukaingia makumbusho. Mwongoza wageni alituonyesha mkuki akaanza kueleza ulikuwa wa nani na ulitumika wapi. Mwanangu akanyoosha mkono kama yuko darasani, akauliza: "Babu, huu ulirudishwa motoni mara ngapi?"